Kipimo Nilichoondoka Nacho

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watu wa pwani namna ya kupata chumvi baharini. Cheka ukitaka, mimi mwenyewe siku hizi hucheka, ila kicheko hakifiki mbali. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kijana wa Mtanda pale Lindi, nimetoka kozi ya miezi sita na cheti chenye muhuri, na ofisi ya serikali ikanipeleka kwenye kitongoji kimoja upande wa Kilwa, kando ya hori la bahari lenye mikoko kushoto na kulia. Nilifika nimevaa soksi. Nazitaja kwa sababu kazi ya chumvi hufanywa miguu mitupu, ndani ya maji na tope, na siku ile nilisimama juu ya tuta na soksi zangu ndefu nikiwaamrisha watu kumi na wawili waliozama mpaka kwenye vigimbi.

Enzi zile watu walikuwa wakitolewa kwenye vitongoji vyao na kukusanywa katika vijiji vikubwa vya ujamaa, vingi vikiwa bara, kwenye ardhi ya mikorosho na mtama. Kitongoji kile kilikwisha kuwekwa kwenye orodha. Kilichokiokoa kwa muda ni mkubwa mmoja wa ofisini aliyesema kwamba kikundi cha chumvi kikiweza kujaza banda lake msimu ule, watu wabaki palepale na kazi yao ihesabiwe kuwa ya ujamaa. Kisipoweza, lori litakuja kabla ya masika. Jambo hilo kila mtu pale alilijua, hata watoto waliokuwa wakicheza juu ya matuta.

Mkuu wa kikundi alikuwa mama mmoja mjane, umri wa mama yangu mdogo, mrefu, asiye na maneno mengi. Aliishi na baba yake. Mzee yule alikuwa kipofu kwa miaka mingi, lakini ungeweza kukaa naye siku mbili usijue. Alitoka mlangoni peke yake, akaenda kisimani kutia udhu, akaenda msikitini, kisha akateremka ufukweni kuwalalamikia wavuvi kwamba samaki wa siku hizi hawana mafuta. Hakuwa na hata fimbo. Nyayo zake zilijua kila kisiki.

"Hapa baba anaona," mama yule aliniambia wiki ya kwanza. "Wakitupeleka kwingine, huko ndiko atakakopofuka."

Akateremka kwenye tope, akaendelea na kazi.

Pale kozini, mwalimu wetu mmoja mwenye kikohozi alituchorea ubaoni picha nne za msimamizi na kundi lake. Katika ya kwanza msimamizi yuko mbele, kanyosha mkono. Hapo, alisema, watu hawajui kazi. Waamrishe, waonyeshe, wala usione haya. Katika ya pili yuko katikati yao: wameanza kujua, sasa waeleze kwa nini, na wewe usikilize. Katika ya tatu yuko nyuma: wanajua, kazi yako ni kuuliza na kuwatia moyo. Picha ya nne ilikuwa ya kundi peke yake likifanya kazi. Mara kengele ya chakula ikalia. Mimi nikadhani mwalimu amesahau kumchora msimamizi, nikamchora mwenyewe kwenye daftari langu, mbele, kanyosha mkono.

Mwanzoni picha ya kwanza ilinifaa sana. Watu wale walijua kuchemsha chumvi kidogo kwenye vyungu, ya kutia mchuzi, lakini kazi ya majaruba ilikuwa ngeni kwao. Niliwaonyesha jinsi ya kufungia maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, kwenye bwawa la kwanza, kuyahamishia la pili yakikolea, kisha kuyaingiza kwenye majaruba madogo ambamo chumvi hukaa chini na kukwanguliwa kwa reki za mbao. Niliamrisha, nao wakafuata. Kila asubuhi nilimwamkia mama yule shikamoo, naye akaniitikia marahaba, na dakika hiyohiyo nikaanza kumtuma kama mtumishi. Nilipata haya siku mbili tatu, kisha nikazizoea.

Fahari yangu ilikuwa kipimo. Kilikuwa kijiti cha kioo chenye risasi kwenye kitako, unakitia kwenye maji kinaelea, na kadiri maji yalivyokolea ndivyo kilivyopanda. Kilikuwa na mstari mwekundu. Maji yakifika kwenye mstari, tunavuna. Hayajafika, hakuna kugusa. Nilikitunza ndani ya taulo, kwenye sanduku la mbao. Kulikuwa na bwana mmoja kikundini, mwembamba, Mmatumbi, ambaye alipojua mimi ni wa upande wa Lindi alijifanya mtani wangu bila kuniomba ruhusa. Yeye ndiye aliyeniita Bwana Kipimo. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Mama yule hakutumia kipimo. Alitia mguu kwenye jaruba, akasaga chumvi taratibu kwa kidole gumba, akatulia kidogo, akatoa mguu. Ilionekana kama mtu anayeosha miguu. Nilimkataza mara moja, nikamwambia chumvi ni chakula. Alinitazama, akatazama watu kumi na mmoja waliosimama kwa miguu yao ndani ya chakula hicho, akashika reki yake.

Mwezi wa tatu wa kazi, niliporudi kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji asubuhi moja, nilikuta jaruba zima limevunwa. Matenga saba yamepangwa tutani, yamejaa, yanachuruzika maji, na chumvi yenyewe nyeupe.

"Nani kaamuru?"

"Mimi," mama yule akasema. "Imeiva, mwalimu."

"Imeiva kwa kipimo gani?"

"Kwa mguu."

Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi, sasa najua. Walicheka kwa furaha, maana lile lilikuwa jaruba la kwanza walilolivuna bila kuongozwa. Lakini mimi nilisikia masikio yakiwaka moto. Nikatia kipimo kwenye maji yaliyobaki. Kilisimama chini ya mstari kwa kiasi cha unene wa ukucha.

"Irudishe," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote. Hapa hatuvuni kwa kubahatisha."

Mtani wangu akainama kumsaidia kubeba. Mama akamtikisia kichwa, mtani akaacha. Alibeba matenga saba moja moja, akateremka tutani na kuimwaga chumvi ile ndani ya jaruba, watu wote wakimwangalia. Hakuharakisha wala hakuchelewa. Alipomaliza alinawa mikono, akafunga kanga yake vizuri, akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa ananizidi urefu.

"Nimekosa, mwalimu," akasema.

Siku tatu baadaye kipimo kilifika kwenye mstari, tukavuna chumvi ileile, safari hii ina uchungu kwenye ulimi kwa kuwa maji yalikuwa yamekolea kupita kiasi. Mstari ule mwekundu ulitiwa na fundi wa mahali pengine, kwa maji ya mahali pengine. Nilionja, nikajua. Nikatema, nikasema chumvi nzuri.

Tangu siku ile hakuna aliyekosea tena kikundini. Nilijisifu kwa hilo kwenye barua nilizomwandikia mama yangu. Waliifahamu kazi sasa, vizuri kuliko mimi. Walijua tuta lipi linavuja kabla halijavuja, walijua upepo wa siku ipi unakausha na wa siku ipi unapita bure. Kila nilipoinama na kipimo changu, macho yao yalikwenda kwanza kwenye mguu wa mama yule, ambaye sasa alijipitisha tu kwenye jaruba kana kwamba anakwenda upande wa pili. Akiinamisha kichwa kidogo, walikuwa wamekwisha kujua imeiva. Kisha wakanisubiri mimi niseme. Nililiona hilo kila siku, na kila siku liliniudhi, nami kila lilivyoniudhi nikazidi kupaza sauti. Ulikuwa wakati wa kurudi nyuma, hata kukaa kivulini nikanywa chai na yule mzee. Sikurudi. Naweza kusema nilikuwa kijana, lakini kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Kama hawanihitaji tena, mimi ni nani na soksi zangu?

Mwisho wa kiangazi banda lilikuwa limezidi nusu. Majaruba sita yalikuwa na chumvi ya unene wa vidole viwili, na mavuno ya hayo yangelijaza mpaka mlangoni. Hapo ofisi ikatuita Lindi wasimamizi wote wa vikundi, siku tatu, kila mmoja aeleze mafanikio yake.

Asubuhi ya safari mama yule alinifuata mpaka kwenye lori.

"Ikiiva kabla hujarudi, mwalimu?"

"Subirini."

"Na mvua?"

"Mvua bado," nikasema, nikiinua macho juu kama mtu anayeangalia saa ya ukutani.

Akashika ubavu wa lori. "Basi tuachie kipimo."

Nilikuwa nimekifunga kwenye taulo, kimo mapajani mwangu. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kule Lindi. "Hiki si cha kuchezea, mama," nikasema, na lori likaondoka.

Mkutanoni zamu yangu ilipofika nilisimama, nikainua kipimo juu, nikasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno, ingawa ningependa kuyasahau. "Kundi langu halinyanyui reki mpaka mimi niseme." Wakapiga makofi. Mkubwa mmoja akanishika bega, akaniomba nibaki siku mbili zaidi nirudie maelezo yale kwa wasimamizi wengine wanaokuja. Kichwa kikanivimba. Nikalala kwetu Mtanda, nikala wali wa nazi wa mama yangu na samaki changu wa kukaanga, nikawa mtu mkubwa.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa barazani nikisubiri viatu vikauke dawa, nikasikia mvua juu ya bati. Mama alifurahi, akatoka mbio na ndoo na masufuria kukinga maji, akaniita nimsaidie. Sikuinuka. Nilianza kujiambia kwamba mvua ya Lindi si lazima iwe mvua ya Kilwa. Nilijiambia hivyo siku mbili nzima njiani, kwenye lori lililozama kwenye tope mara nne, mpaka nilipofika na kuona kwa macho yangu.

Majaruba yote sita yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai. Reki kumi na mbili zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukuta wa banda, zimepangwa, kavu, safi. Mtani wangu alikuwa amekaa chini karibu nazo. Kwa mara ya kwanza hakuniita Bwana Kipimo.

Ndiye aliyenieleza. Dalili walikuwa wameziona siku mbili kabla, watu wote, hata mzee asiyeona alisema hewa imenuka mvua. Chumvi ilikuwa imeiva. Walishuka na reki zao asubuhi, kila mmoja akasimama kwenye tuta lake. Wingu likaja kutoka upande wa bara, wakaliona linakuja. Wakaendelea kusimama. Matone yalipoanza walikuwa bado wamesimama, reki mikononi, wakiangalia chumvi inavyokwenda.

"Kwa nini hamkuvuna?" nikauliza, na hasira ilikuwa sautini mwangu, eti mimi ndiye mwenye hasira.

Alijibu mama yule, ambaye alikuwa amefika nyuma yangu bila mimi kumsikia.

"Tulikusubiri, mwalimu."

Hakulisema kwa uchungu. Angelisema kwa uchungu ningeweza kubishana naye.

Ripoti niliiandika kesho yake. Nilichana karatasi mbili. Ya tatu ilikuwa na mstari huu: chumvi ya majaruba sita imepotea kutokana na uzembe wa kikundi wakati msimamizi akiwa safarini kikazi. Nikatia sahihi. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja, na mimi nilingoja kuulizwa, nikiwa nimejitayarisha kwa uongo mwingine.

Lori lilikuja baada ya wiki chache. Walipanda na magodoro yao ya makumbi ya nazi, kuku, vinu. Wa mwisho alikuwa mzee. Alitembea mwenyewe kutoka mlangoni mpaka barabarani, kama siku zote, wima, haraka. Alipofika kwenye lori alisimama. Halafu akanyosha mkono mbele, hewani, akipapasa, na mkono ule haukupata kitu kwa muda mrefu mpaka binti yake alipoudaka. Sikuwahi kumwona mzee yule akipapasa.

Mimi nilipandishwa cheo. Nilihamishiwa kwenye kufundisha wasimamizi, na kwa miaka kadhaa nikawachorea watu ubaoni picha nne. Nilizichora sawasawa. Wanafunzi walipouliza msimamizi wa picha ya nne yuko wapi, niliwajibu vizuri sana, na wakaandika.

Siku moja kazi ilinipeleka kwenye kijiji kimoja mbele ya Kikole, kukagua shamba la ujamaa la akina mama. Nilimtambua mama yule kwa urefu wake. Alikuwa kwenye mtama, jembe mkononi, na wanawake kama ishirini mstari mmoja naye. Binti mmoja mgeni wa kazi alimwonyesha mche mdogo, akamuuliza, "Mama, huu niung'oe?" Naye akamjibu, "Wewe unauonaje?" Binti akainama, akaugeuza jani, akafikiri. "Ni wa mtama," akasema, akauacha. Mama yule akaendelea kulima. Hakuwahi kuona ubao wa mtu yeyote.

Nilimwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanikaribisha kama ndugu, akaniketisha kwenye kigogo pembeni mwa shamba na kunipa maji. Tukaulizana habari za watu. Kisha akasema, bila mimi kuuliza:

"Siku ile ya mvua, mwalimu, wenzangu walitaka kuvuna. Walikwisha kuinua reki. Mimi ndiye niliyewazuia. Nilikumbuka yale matenga. Nikawaambia, tukikosea leo watasema sisi hatufundishiki." Alikuwa akiangalia mikono yake. "Baba kuletwa huku ni mimi."

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nalo lote, limekamilika, limeandaliwa kwa miaka. Nikafungua kinywa, nikasema, "Ni amri ya Mungu, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akainuka kurudi kwenye mstari wake. Kabla hajafika aligeuka, akaniomba kitu kimoja: nipite nyumbani nimpeleke baba yake msikitini, maana Alasiri imekaribia naye bado ana kazi.

Mzee alikuwa barazani, ameketi kwenye mkeka, amevaa kofia yake. Kutoka mlangoni mpaka chooni binti yake alikuwa amefunga kamba ya makumbi, na udongo chini ya kamba ulikuwa umekanyagwa ukawa kijia chembamba. Njia nyingine haikuwapo. Nikamwambia mimi ni nani. Akanikumbuka kwa sauti, akacheka, akauliza kama bado navaa soksi.

Nikamshika mkono nikaanza kutembea. Hatua tatu, akasimama.

"Usinivute," akasema. "Niache nikushike mimi. Wewe tembea tu."

Akaushika mkono wangu juu ya kiwiko. Tukaenda hivyo, polepole, katikati ya nyumba zilizopangwa mistari. Karibu na msikiti akaniuliza, "Mwalimu, siku ile ya mvua nani aliyewaambia wasubiri? Binti yangu anasema ni yeye. Anasema mpaka usingizini."

"Ni mimi, babu," nikasema.

Hakustuka. Alitembea hatua kadhaa.

"Mimi sikuwa na shaka naye," akasema. "Kamwambie yeye."

Nikamwacha mlangoni mwa msikiti, nikarudi shambani karibu ya kukimbia. Alikuwa mbali, katikati ya mstari, mgongo umeinama, akizungumza na yule binti. Sikutaka kumkatiza. Nikasimama pembeni, kwenye kile kigogo, nikimsubiri afike mwisho wa mstari. Alikuwa hajafika mwisho wakati dereva wa lori la ofisi alipopiga honi, akapiga tena. Nikampungia mama yule mkono. Hakuniona. Nikapanda.